Mkwaruzo Kwenye Kifaa Kipya: Ukubali au Urudishe?

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Swali la leo ni fupi. Mtu amenunua simu, runinga au kompyuta mpya, amefungua boksi, amekuta mkwaruzo, kibonyeo au nukta iliyokufa kwenye kioo. Kifaa kinawaka na kinafanya kazi. Akubali au akirudishe? Kuna wanaosema kazi ndiyo muhimu, mengine ni urembo tu. Kuna wanaosema pesa kamili, mali kamili. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, ila sababu yangu si yao. Wao wanalalamikia sura. Mimi nasema alama kwenye kifaa kipya ni ushahidi: inaeleza kifaa kilipitia mikono ya nani na kiliangukia wapi kabla ya kukufikia. Kwa hiyo alama isomwe kwanza, ndipo uamuzi ufanywe.

Tuanze na kioo, maana ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Runinga ya 4K ina pikseli, yaani nukta za picha, 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla 8,294,400. Kila pikseli ina vipande vitatu: chekundu, kijani na cha bluu. Hapo tunakaribia vipande milioni 25, na kila kimoja kina transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme. Hakuna kiwanda kinachoweza kuahidi kwamba vyote vitatii bila kupandisha bei, ndiyo maana viliwekwa viwango. Kiwango cha ISO 13406-2, cha shirika la kimataifa la viwango, cha mwaka 2001 kiligawa skrini bapa katika madaraja manne. Daraja la I halivumilii kasoro hata moja. Daraja la II, ambalo watengenezaji wengi walilishika, linaruhusu katika kila pikseli milioni moja: pikseli 2 zinazowaka muda wote, 2 zilizozimika muda wote, na vipande 5 vyenye hitilafu. Baadaye kiwango hicho kilirithiwa na familia ya ISO 9241.

Sasa pigeni hesabu. Skrini ya Full HD, iliyo ngazi ya chini ya 4K, ina pikseli milioni 2 na kidogo. Kwa daraja la II inaweza kuwa na pikseli 4 zinazowaka, 4 zilizokufa na vipande 10 vibovu, na bado kiwanda kikakujibu kwamba skrini ni nzima. Wengi hawajui hili mpaka wanaporudi dukani na kifaa chao, ndipo wanaonyeshwa aya moja kwenye karatasi ya waranti. Baadhi ya kampuni zina masharti makali zaidi ya hayo na hubadilisha skrini kwa nukta moja tu inayowaka. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizia sera ya nukta ya modeli hiyo hiyo unayoinunua, na uisome mwenyewe.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Weka kwenye flashi picha sita tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na kijivu kilichokolea. Fungua kila moja ijaze skrini nzima, usogee karibu, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye kioo, upitishe macho polepole kutoka kona hadi kona. Nukta iliyokufa huonekana kwenye nyeupe, inayowaka huonekana kwenye nyeusi, na kipande kilichokwama kwenye rangi moja hujitokeza ukibadilisha rangi. Kilichokufa hakifufuki. Kilichokwama wakati mwingine huachia kikipigishwa rangi zinazobadilika haraka kwa saa chache, ingawa hakuna uhakika. Msibonyeze kwa kidole, kama wengi wanavyofundishana: mgandamizo unaweza kuzalisha nukta nyingine jirani.

Picha nyeusi itazameni gizani, mwangaza ukiwa nusu. Mkiona weupe kwenye kona, sogezeni kichwa. Weupe ukihama pamoja na jicho lako, hiyo ni tabia ya paneli za IPS, aina mojawapo ya skrini za LCD, na kila moja inayo kwa kiasi chake. Weupe ukibaki palepale, mwanga unavuja, maana yake fremu inaibana paneli au imepinda. Picha ya kijivu ni kwa ajili ya OLED, skrini ambazo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe: inaonyesha mabaka na michirizi ambayo mafundi huiita mura, neno la Kijapani. Baka hafifu linaloonekana kwenye kijivu tu halitakusumbua ukitazama mpira.

Hukumu yangu kuhusu vioo ni hii. Nukta moja iliyozimika pembeni mwa skrini ya 4K, na bei imepunguzwa, kubali. Nukta inayowaka katikati, kataa, kwa sababu jicho likishaijua haliiachi. Mstari, hata uwe mwembamba kama unywele, kataa papo hapo bila kusikiliza punguzo lolote. Nukta ni transista moja iliyoharibika, na itabaki moja. Mstari unatoka kwenye saketi inayoendesha safu nzima, au kwenye utepe wa nyaya uliogandishwa ukingoni mwa paneli. Utepe huo ukianza kuachia, kila kuwaka na kuzima, kupata joto na kupoa, unazidi kuachia. Mstari mmoja leo unaweza kuwa mitatu baada ya miezi michache.

Tuje kwenye umbo la nje. Alumini ya simu na kompyuta, kabla ya kupewa rangi, huzamishwa kwenye tindikali na kupitishiwa umeme. Uso wake unageuka oksidi yenye vitundu vidogo sana, vitundu vinakunywa rangi, kisha vinafungwa. Oksidi hiyo ni ngumu kweli, lakini ni nyembamba, kwa kawaida maikromita 5 hadi 25, na chini yake kuna metali laini. Kwenye kingo kali ngozi hiyo hushika vibaya na kubanduka. Mwaka 2012, iPhone 5 nyeusi ilipotoka, kuna wanunuzi waliokuta alama za fedha kwenye simu zilizotoka boksini. Phil Schiller wa Apple alimjibu mteja mmoja kwamba bidhaa yoyote ya alumini inaweza kukwaruzika kwa matumizi na kuonyesha rangi yake ya asili, na kwamba hilo ni la kawaida. Kuhusu alumini alisema kweli. Lakini aliyefungua boksi leo hajatumia kitu. Miaka minne baadaye, kwa iPhone 7 nyeusi ya kung'aa, kampuni hiyo hiyo ilitangaza mapema kwamba rangi hiyo ingepata mikwaruzo midogo kwa matumizi, ikashauri anayejali aweke kava. Hapo mnunuzi alitendewa haki: alionywa kabla hajatoa pesa.

Mkwaruzo wa rangi mgongoni, basi, hauna madhara kwa kazi. Hatari ni zile alama zinazofanana na urembo lakini zinakua. Kibaya kuliko zote ni kijino kilichomegeka ukingoni mwa kioo cha simu. Vioo hivi huimarishwa kwa kuzamishwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, joto la karibu nyuzi 400. Sodiamu iliyo juu ya kioo inatoka, potasiamu iliyo kubwa zaidi inaingia na kujibana mahali pake, hivyo uso wote unabaki umejikaza. Mkazo huo ndio nguvu ya kioo, na unaingia ndani kwa makumi machache tu ya maikromita. Kijino kikipenya zaidi ya hapo, ufa umeshapata mlango. Simu itadondoka kutoka kwenye kochi, kimo cha goti, na kioo kitasambaa chote, kisha utaambiwa umeiangusha. Pitisheni ukucha kuzunguka ukingo wote. Ukucha ukikwama, msiichukue.

Fremu iliyobonyea konani nayo ni hivyo hivyo. Simu yenye IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji, inazuia maji kwa gundi nyembamba kati ya kioo na fremu. Kona ikipinda, gundi inaachia, na ahadi ya maji imekwisha hata kama kwa nje huoni kitu. Jaribuni kupenyeza ncha ya karatasi ya risiti kwenye mshono. Ikiingia sehemu moja na kugoma kwingine, kifaa kilianguka au kilifunguliwa. Kwa kompyuta mpakato angalieni kona zilizo karibu na bawaba: fungua kifuniko taratibu kwa kidole kimoja, na kikilia au upande mmoja ukitangulia kuinuka, bawaba imepokea pigo. Ikiwa sehemu ya kupapasia imeinuka au haibonyezeki vizuri, hiyo inaweza kuwa betri iliyovimba. Usiipeleke nyumbani hata ukipewa bure.

Nigusie na friji, ingawa si elektroniki hasa, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kwa wingi na kibonyeo. Friji nyingi za sasa zina mabomba ya kutoa joto yaliyofichwa nyuma ya bati la ubavuni. Shikeni ubavu baada ya friji kufanya kazi kama nusu saa: ukipata joto, mabomba yapo hapo, na kibonyeo cha mahali hapo kinaweza kuwa kimelikunja bomba. Kibonyeo cha mlango hakina shida endapo mpira wake unaziba. Banisha karatasi kwenye mlango, ivute, rudia pande zote nne. Isitoke kilegevu popote.

Sasa nirudi kwenye neno ushahidi, maana sokoni kwetu ndipo lilipo jambo kubwa. Ukienda Kariakoo mtaa wa Aggrey, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta vifaa vipya, vilivyotumika, na vilivyokarabatiwa vikauzwa kama vipya. Mkwaruzo mdogo mara nyingi ndio alama pekee iliyosahaulika. Chunguza vichwa vya skrubu zilizo chini ya simu: skrubu ya kiwandani haina mkwaruzo ndani ya kichwa. Toa kitreya cha laini, mulika ndani. Kwenye simu nyingi kuna kijikaratasi cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kwenye iPhone, nenda kwenye mipangilio uangalie namba ya modeli: ikianza na M iliuzwa rejareja ikiwa mpya, F imekarabatiwa na Apple wenyewe, N ilitolewa mbadala wa nyingine. Kuanzia iPhone 15 kuna pia idadi ya mizunguko ya betri, yaani mara ngapi chaji yake nzima imeshatumika, mwezi ilipotengenezwa na mwezi ilipoanza kutumika. Simu "mpya" yenye mizunguko 60 imeshakaa na mtu. Kwa kompyuta ya Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, usome mizunguko na uwezo uliobaki. Kwa simu yoyote, piga *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi. Walioko Tanzania watume namba hiyo kwenda 15090 waone kama jina la kampuni na modeli vinalingana na simu. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na ukaguzi huo umebaki kuwa wa bure na wa haraka.

Mkwaruzo ukikutana na skrubu iliyoguswa, mazungumzo ya punguzo yaishe. Hapo unauziwa kifaa kilichotumika kwa jina la kipya.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, zote zimefuata maneno ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Zinataka bidhaa iwe na ubora wa kuuzika, kisha zinaweka sharti ambalo wauzaji hulipenda: mnunuzi akishaikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona haimpi tena kinga hiyo. Kwa maneno mengine, ukiishika simu dukani ukaigeuzageuza na kuondoka nayo, mkwaruzo wa wazi ni wako. Waingereza wenyewe walibadili maneno hayo mwaka 1994, wakaandika kwamba ubora unahusu pia sura, umaliziaji na kutokuwa na kasoro ndogondogo; na sheria yao ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro. Sisi bado hatujasogea hivyo, ingawa Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inatamka haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili. Naamini wabunge wetu wanapaswa kuyaongeza maneno hayo ya umaliziaji, kwa sababu anayelipa bei ya kipya amelipia na sura.

Ukiamua kukubali, basi kubali kwa bei na kwa maandishi. Kuhusu bei, muulize muuzaji: "Kaka, nikikuletea kesho ikiwa hivi hivi, utainunua shilingi ngapi? Na ingekuwa haina alama?" Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo punguzo lako, maana ndiyo hasara utakayoibeba siku ya kuiuza. Protekta na kava za bure hazitoshi kuziba pengo hilo.

Kuhusu maandishi, risiti isomeke hivi: "Imeuzwa ikiwa na mkwaruzo wa sentimita 2, mgongoni, kona ya chini kushoto. Waranti ya miezi 12 haiathiriwi na kasoro hii." Waranti nyingi hazigharimii kasoro za sura, na mbaya zaidi, kibonyeo ulichouziwa kinaweza kutumiwa miezi sita baadaye kama ushahidi kwamba wewe ndiye uliyeangusha kifaa. Muuzaji akikataa kuandika sentensi hizo mbili, chukua nyingine au rudi na pesa yako.

Wanaoletewa mzigo nyumbani, washeni kamera ya simu kabla ya kukata utepe, mrekodi pande sita za boksi, namba ya kifaa (serial number), kisha kifaa kikitoka mpaka kinapowaka, video moja bila kukatisha. Runinga ikiletwa imelazwa kitandani mwa gari, iwasheni mletaji akiwa bado mlangoni: paneli iliyopasuka kwa ndani mara nyingi haionekani ikiwa imezimwa.