Kulala kwa Wafugaji wa Mongolia: Hodi, Moto na Airag

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko nyika ya Mongolia, mkoa wa Arkhangai, magharibi mwa mji mkuu, Ulaanbaatar. Msafiri ameshapata wenyeji, wafugaji wanaohamahama, na atalala kwao. Hamisi, aanzie wapi?

HAMISI: Aanzie mbali na hema, dada. Mbwa wa huko kazi yao ni kuwakabili mbwa mwitu, na mgeni hawamjui. Kwa hiyo ukiwa bado mbali kidogo unasimama na kupaza sauti: "Nokhoi khor!" Yaani, shikeni mbwa. Hiyo ndiyo hodi yao, hata pasipo na mbwa.

ZUHURA: Halafu mlango.

HAMISI: Mlango unatazama kusini, maana baridi kali inatoka kaskazini. Ni mfupi, uiname, na kizingiti ukiruke, usikikanyage. Ukishaingia shika kushoto, upande wa magharibi, ndiko wanakokaa wageni. Kulia ni kwa mama mwenye nyumba na vyombo vyake. Mbele kabisa, mkabala na mlango, ni pa wazee na madhabahu. Usikae huko mpaka uambiwe.

ZUHURA: Na zile nguzo mbili za katikati zinazobeba duara la paa, usipite baina yake wala usiziegemee.

HAMISI: Wala usipitishe kitu hapo, hata bakuli.

ZUHURA: Wageni wengi hukosea kwenye jiko. Mtu anapenga kamasi, anatupia karatasi motoni. Moto wa hema unaheshimiwa: hautupiwi taka, na mguu haunyooshwi kuuelekea. Kuni zenyewe mara nyingi ni mavi makavu ya ng'ombe. Yanawaka vizuri lakini hayakai na moto usiku kucha, kwa hiyo alfajiri hema linapoa kabisa, hata Julai. Beba nguo nzito za kulalia.

HAMISI: Sasa airag, maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Hapa nataka tukae kidogo.

ZUHURA: Tukae, ndiyo moyo wa kiangazi chao.

HAMISI: Watoto wa farasi hufungwa kwenye kamba ndefu iliyotandazwa chini, ili mama zao wasiende mbali. Kila baada ya saa mbili hivi, mtoto anapelekwa anyonye kidogo, maziwa yashuke, kisha anavutwa pembeni huku akiendelea kuonekana na mama yake. Ukimwondoa kabisa, maziwa yanakata. Kiwele cha farasi ni kidogo, ndiyo maana wanakamua mara tano, sita kwa siku.

ZUHURA: Maziwa yanamiminwa kwenye kiriba cha ngozi ya ng'ombe kilichotundikwa karibu na mlango, juu ya airag ya zamani iliyobaki kama chachu. Kisha yanasukwa kwa mti, maelfu ya mara. Anayeingia husuka kidogo. Mgeni naye afanye hivyo, ni msaada wa kweli: yasiposukwa ya kutosha, yanachacha vibaya.

HAMISI: Wasikilizaji Waislamu wajue kwamba ina kilevi, asilimia 2 hivi. Asiyekunywa aseme mapema kupitia mkalimani, aombe chai. Hiyo ni ya maziwa na chumvi, usitarajie sukari.

ZUHURA: Na anayekunywa aanze na nusu bakuli. Tumbo lisilozoea linaharisha, na choo ni shimo huko nje. Ukimaliza bakuli unajaziwa, basi kunywa polepole. Pokea kwa mkono wa kulia, kushoto ukishika kiwiko.

HAMISI: Mwishoni mwa Agosti wanakata nyasi za kulishia mifugo majira ya baridi. Hapo mgeni asikae tu kupiga picha, ashike reki. Katika dzud, yaani barafu au theluji inapofunika malisho, mifugo inakufa kwa njaa. Majira ya baridi ya 2009 hadi 2010 nchi ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 8.

ZUHURA: Zawadi?

HAMISI: Unga, mchele, sukari, chai, tochi na betri zake. Umkabidhi mwenyeji kwa mkono wa kulia, au miwili.

ZUHURA: Na maji?

HAMISI: Yanabebwa kutoka mtoni. Usiingie mtoni na sabuni. Chota kwenye ndoo, sogea mbali na ukingo, oga huko, umwage huko huko.