Sufuria la Mama na Trilioni 38

(Kipindi cha Ijumaa, 7 Novemba 2025. Kimenakiliwa kutoka kwenye sauti.)

MWANA: Tumeanza? Taa imewaka?

BAKARI: Imewaka zamani, dada. Watu wameshakusikia ukitafuna njugu.

MWANA: Basi wajue hizo njugu ndizo chakula changu cha mchana. Nimetoka zamu moja kwa moja, yule bibi ninayemtunza kazini leo kaamka hataki kuoga, hataki uji, anamtaka mumewe aliyekufa. Haya. Asalamu alaikum wapenzi, karibuni. Kaka Beka, dereva wetu wa lori, leo hayuko barabarani, yuko hapa Columbus, Ohio, mbele yangu, na nimemwandalia mambo matatu.

BAKARI: Matatu tu?

MWANA: Matatu ya kuwafaa watu. Lakini kwanza nisimulie la Jumanne, maana limenikaa kooni. Nimo dukani kwenye foleni, mbele yangu baba mmoja kavaa ile koti ya kung'aa ya watu wa maghala, na kitambulisho cha kazi shingoni. Kadi ya chakula anapitisha, inakataa. Anapitisha tena. Yule binti wa kaunta anamwambia polepole, haina kitu. Basi akaanza kurudisha. Kuku karudisha. Maziwa karudisha. Mayai. Kilichobaki ni nepi, maana nepi hainunuliki kwa fudistempu, ule msaada wa chakula wa serikali, ile alikuwa na dola zake mfukoni tangu nyumbani.

BAKARI: Lahaula.

MWANA: Nikamwambia kwa Kiingereza, wacha nilipe mimi. Akanitazama huu mtandio, akanijibu kwa Kiswahili. Cha Congo. "Apana mama, nitarudia kesho."

BAKARI: Akaondoka?

MWANA: Akaondoka na nepi. Na mimi hata nilichokuja kununua nikakisahau.

BAKARI: Pole, dada. Hilo nalisema kwa dhati. Lakini na wewe sema na upande wa pili: kadi haina kitu kwa sababu Wademocrat wamekataa kupitisha bajeti. Leo siku ya 38 serikali imefungwa, haijapata kufungwa muda mrefu hivi. Republican wana viti 53 vya Seneti, wanahitaji kura 60. Zile saba ziko wapi?

MWANA: Ziko zinangoja waambiwe ruzuku ya bima ya afya haitakatwa mwisho wa mwaka! Mbona unaanza hadithi katikati?

BAKARI: Ruzuku ambayo ukiifanya ya kudumu ni bilioni 350 kwa miaka kumi. Za kukopa. Na deni la serikali ndio hilo limevuka dola trilioni 38 mwezi uliopita. Agosti lilikuwa 37. Miezi miwili, dada, trilioni nzima. Kule New York kuna saa ya deni ukutani, wameitundika tangu 1989. Mwaka 2008 deni lilipofika trilioni 10 tarakimu zikaisha nafasi, wakaondoa alama ya dola wakaweka moja hapo.

MWANA: Wewe deni unalichukia kwelikweli.

BAKARI: Silali.

MWANA: Sufuria langu liko wapi?

BAKARI: ...Tunazungumza mambo ya serikali.

MWANA: Wasikilizaji, huyu bwana aliazima sufuria langu la pilau Idi ya kuchinja. Juni! Sufuria la kilo kumi, mamangu kalinunua Marikiti, Mombasa, akalipandisha ndege kajaza ndani bizari na karafuu. Hili silo sufuria la kununua kesho.

BAKARI: Sijakataa kwamba ninalo.

MWANA: Unalo?

BAKARI: Lipo. Yaani lipo mikononi mwa Waislamu.

MWANA: Yailahi. Wa wapi?

BAKARI: Lilikwenda Louisville kwenye harusi ya yule kijana tuliyeishi naye. Nilimpa kwa siku mbili. Halafu wao wakapata hitima Indianapolis, wakalipeleka huko. Linafanya kazi ya heri.

MWANA: Kukopa harusi, kulipa matanga! Sufuria langu limezipiga zote mbili na mimi sijaalikwa hata moja.

BAKARI: Nitakulipa. Jumapili nakuletea la shemeji yangu, ni kubwa kuliko lako.

MWANA: La shemeji yako. Na yeye utamlipa na nini?

BAKARI: Litakaporudi lako namrudishia.

MWANA: Kwa hiyo hulipi. Unakopa kwa shemeji unanilipa mimi, ukibanwa na shemeji unakopa kwa jirani.

BAKARI: Ndivyo Hazina ya Marekani inavyofanya! Hati fungani, ile karatasi ya serikali ya kukopea, ikifika muda wa kulipwa, wanauza nyingine mpya, zile pesa wanamlipa mwenye ile ya zamani. Deni halipungui, linabadilisha jina la mdai tu.

MWANA: Sasa hapo umeieleza Hazina au umekiri kosa?

BAKARI: (anacheka) Vyote. Lakini tofauti ni moja, wewe sufuria lako halinidai riba. Marekani inadaiwa. Mwaka wa fedha ulioisha Septemba, riba tupu imekaribia trilioni moja. Imelipita jeshi. Hizo si dawa, si shule, si barabara ninayoendeshea lori. Ni kulipia jana.

MWANA: Sawa. Na nani alikopa?

BAKARI: Wote. Mimi sipendelei chama. Trump anaapishwa 2017 deni lilikuwa karibu trilioni 20, anaondoka linakaribia 28. Biden akaliacha limepita 36. Kila mmoja nane zake.

MWANA: Ahsante. Sasa ile sheria kubwa ya kodi na matumizi aliyoisaini Trump Julai 4, ulishangilia hapahapa, nina kipindi nimekihifadhi.

BAKARI: Nilishangilia sehemu.

MWANA: Ofisi ya bajeti ya Kongresi yenyewe, wale wasio na chama, wamesema itaongeza trilioni 3.4 kwenye nakisi, yaani matumizi yanayozidi mapato, kwa miaka kumi. Na ndani yake wamekata Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, wamekata fudistempu, wakimbizi wamewatoa kabisa mpaka wapate kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. Mtu mkubwa kapunguziwa kodi, yule baba wa nepi kapunguziwa kuku, na deni bado limepanda. Hiyo hesabu ya wapi, kaka?

BAKARI: Punguzo la kodi ningelikata pia, Wallahi. Lakini lile la kazi nalitetea. Wamesema mtu mzima mwenye afya, anayetaka Medicaid, afanye kazi au ajitolee au asome masaa 80 kwa mwezi. Ni 20 kwa wiki. Mimi 20 nayamaliza Jumanne.

MWANA: Yule baba alivaa kitambulisho cha kazi!

BAKARI: Basi yeye hana shida, ataonyesha.

MWANA: Ataonyesha wapi? Arkansas walijaribu 2018. Ilikuwa uripoti kwenye tovuti, na tovuti yenyewe inafungwa saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Kama duka! Watu zaidi ya elfu 18 wakapoteza bima kabla jaji hajaisimamisha. Mimi nakaa na wazee nawajazia hizi fomu. Mtu hakatwi kwa uvivu, anakatwa kwa barua iliyokwenda anwani ya zamani.

BAKARI: Basi watengeneze tovuti. Huwezi kuniambia kwa kuwa fomu ni mbaya, sharti lenyewe ni dhuluma. Babangu Tanga alikuwa kuli wa bandarini, akisaidiwa alikuwa anauliza nitarudisha lini. Sadaka ina adabu zake.

MWANA: Sadaka?

BAKARI: Ndiyo. Mtu akikupa chakula kwa mfuko wake...

MWANA: Rudi hapo. Umeita sadaka. Yule mwanamume anakatwa kodi kila mshahara. Akinunua sabuni, kodi. Hicho kilichokuwa kwenye kadi ni haki yake, kakiweka mwenyewe mwaka jana na atakiweka mwaka kesho. Haki mtu haulizwi atairudisha lini.

BAKARI: Haki inayolipwa kwa pesa ambayo haipo? Wametumia trilioni 7, wamekusanya 5 na kidogo. Kile kilichozidi hakukiweka yeye. Kakiazima mwanangu, na mwanangu ana miaka minne, hajaulizwa.

MWANA: Na mtoto wa nepi kaulizwa?

BAKARI: Dada, ukiita kila kitu haki, siku wadai wakigoma kukopesha hata ile haki ya kweli hutaiweza.

MWANA: Na wewe ukiita kila kitu sadaka, siku yoyote unaweza kuamka umenuna usitoe.

BAKARI: Sikubali.

MWANA: Wala mimi.

(Kimya. Kinasikika kifuko cha njugu.)

BAKARI: Njugu zina chumvi?

MWANA: Zina. Chukua.

BAKARI: Hili la haki na sadaka tulishalipigania kwenye kipindi cha zaka, unakumbuka? Mke wangu aliniambia siku ile hukusikika vizuri, nilikuwa nakufunika.

MWANA: Leo pia umenifunika. Na sufuria hujalijibu.

BAKARI: Nimejibu, nimekupa mpango wa malipo.

MWANA: Mpango! Hata ukomo wa deni hujawekewa. Kongresi angalau inajifanya inao ukomo, ikifika inaupandisha. Juzi kwenye sheria yenu wameupandisha trilioni 5 kwa mkupuo.

BAKARI: "Sheria yenu." Haya, saa ngapi?

MWANA: Saa nane na dakika arobaini na... uuu. Mambo matatu sijagusa hata moja.

BAKARI: Mimi lazima niondoke, saa yangu ya lori imeshaanza kuhesabu. Nina masaa 14 tu kwa siku, nayo haijali podikasti.

MWANA: La kwanza lilikuwa makaratasi ya Medicaid, tutalifanya wiki ijayo. La pili... hapana, nalo refu. La tatu nalisema mbio: wanaotuma pesa nyumbani, kuanzia 1 Januari 2026 ukipeleka noti mkononi kwa wakala kuna kodi ya asilimia 1. Dola 200, mbili za Washington. Ukituma kwa akaunti ya benki au kadi ya benki ya hapa, haikuhusu. Nasikia mtu anafunga begi.

BAKARI: Nafunga, dada, mzigo uko Missouri kesho.

MWANA: Missouri? Unashika I-70 kwenda magharibi?

BAKARI: Hiyohiyo.

MWANA: Unapita Indianapolis.

BAKARI: ...Trela limepigwa lakiri. Hairuhusiwi kulifungua njiani, hata kwa dharura ya pilau.

MWANA: Nani kasema trela? Liweke kiti cha mbele. Ulifunge mkanda.