Mnara wa Mistari wa Cape Hatteras: Mnauliza Nimelipa Ngapi

Haya jamani, karibuni tena. Tangu niweke zile picha za mnara wa taa wenye mistari, swali ni lilelile: "Dada, huo mnara umelipia dola ngapi?" Wengine hata hawaulizi, wananisema tu, eti nimesahau nilikotoka. Na mama mkubwa amepiga simu. Anasema mwenye hela ya kutalii hashindwi bati za nyumba ya shangazi.

Sikulipa kitu. Cape Hatteras iko jimbo la North Carolina, Marekani, hukuhuku ninakoishi, na kusimama chini ya mnara ni bure. Wanachotoza ni kupanda ngazi, ziko 257, na nilipofika mimi palikuwa pamefungwa, wanaukarabati. Hata hiyo sikutoa.

Hela iliishia njiani. Kutoka Raleigh, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya saa nne, na bila gari hufiki. Gari linataka leseni, na leseni yangu mimi inaisha siku kibali changu cha kukaa kinapoisha. Kibali kipya kikachelewa. Nikaambiwa subiri barua. Barua imekuja, jina limekosewa herufi moja, tukaanza upya! Muda wote huo gari likawa limeegeshwa tu na bima nalipa kila mwezi. Silalamiki, nasimulia, maana najua mtaniambia nirudi nyumbani. Kulala nako, msimu wa joto bei za kule kisiwani ulipo mnara hazishikiki. Tulichanga na wenzangu tukalala mbali.

Sasa mbona nilienda? Ule mnara, ndugu zangu, ulihamishwa. Ni wa matofali, zaidi ya milioni moja, una urefu wa karibu mita 60, na Marekani hakuna mnara wa taa wa matofali unaoupita. Ulijengwa mwaka 1870, kwa sababu uliokuwepo kabla yake, wa 1803, mabaharia waliulalamikia kila siku: mfupi, taa hafifu. Na bahari ya pale ni mbaya. Mikondo miwili mikubwa inakutana, mmoja wa joto na mmoja wa baridi, na mafungu ya mchanga yanaingia mbali baharini na kuhamahama. Meli zilizozama kule ni nyingi mno. Hata Monitor, ile meli ya kivita ya chuma, ilizama karibu na hapo mwaka 1862.

Mistari nayo si urembo. Nyeusi na nyeupe, inazunguka kama nyoka aliyejiviringisha mtini. Pwani ile ina minara kadhaa, kila mmoja na mchoro wake, ili nahodha mchana ajue yuko wapi.

Basi, walipojenga, bahari ilikuwa mbali, karibu mita 460. Ikala mchanga, ikala, hadi zikabaki kama mita 37 tu. Wenyeji wengi walitaka mnara usiguswe, wakisema utaanguka. Mwaka 1999 wakauinua mzimamzima kwa jeki, tani zaidi ya 4,000, wakausukuma juu ya reli pole pole kwa siku 23, karibu mita 880. Haukupata hata ufa wa kuutaja. Nyumba za walinzi wa taa nazo zikahamishwa. Pale ulipokuwa mwanzo unaweza kwenda kwa miguu, na mimi niliganda pale kuliko penye mnara wenyewe. Wenzangu wakachoka kunisubiri, na mbu wa kule hawana adabu.

Mkitaka kuja, mimi naona Mei ni nzuri: bei hazijapanda, vimbunga bado. Lakini huo ni mfuko wangu na ratiba yangu. Wewe mwenye watoto hesabu yako nyingine, na mwenye kibali cha muda angalia tarehe zako kwanza. Barabara ya kule ni moja, namba 12, na dhoruba ikija inafunikwa na maji na mchanga, inafungwa. Ulizieni kabla ya kutoka.

Mama mkubwa, bati nitatuma mwisho wa mwezi. Si kwa sababu ya zile picha.