Libya baada ya 2011: mishahara ya wenye bunduki

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Sitakaa sana kwenye utawala wa Gaddafi. Watu wa Benghazi walikuwa na kila sababu ya kumwogopa, na nalisema hilo waziwazi. Nataka tutazame yaliyofuata.

Machi 17, 2011, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 la kuwalinda raia. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zote ziliunga mkono. Aprili, Umoja wa Afrika ukapeleka mpango wa kusitisha vita. Gaddafi akaukubali, waasi wakaukataa, mabomu ya ndege za NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, yakaendelea. Oktoba 20 Gaddafi akauawa Sirte. Oktoba 31 NATO ikafunga operesheni yake. Siku 11 tu!

Sasa nisikilizeni hapa. Jeshi la zamani lilikuwa limesambaratika, maghala ya silaha yako wazi, mji wa Misrata una vikosi vyake, wa Zintan vyake. Serikali mpya haikuwa na ubavu wa kuwanyang'anya wapiganaji hao silaha, ikaamua kuwalipa mishahara. Kijana akawa analipwa na hazina ya taifa huku amri anazipokea kwa kamanda wa mji wake. Ndiyo maana orodha ya malipo ikafura: waliojiandikisha kama wapiganaji wa mapinduzi wakawa wengi mno kuliko waliopigana kweli. Nchi ilipogawanyika 2014, watawala wa upande mmoja Tripoli, bunge la upande wa pili Tobruk, Benki Kuu iliendelea kulipa wapiganaji wa pande zote mbili kwa fedha ileile ya mafuta. Hili linaniuma sana. Walibya walikuwa wanauawa kwa mali yao wenyewe.

Na Derna, mji wa pwani mashariki mwa Libya? Juu ya mji kulikuwa na mabwawa mawili yaliyojulikana kuwa na nyufa. Kampuni ya Kituruki iliyopewa kazi ya kuyakarabati iliondoka vita vilipoanza 2011, na kazi haikukamilishwa. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, mvua za kimbunga Daniel zikayabomoa. Maji yalizoa mitaa mizima hadi baharini, maelfu ya watu wakafa. Wakati huo Libya ilikuwa na serikali mbili.

Julai 2024 mahakama ya Derna iliwahukumu maofisa 12 kifungo. Sawa, wawajibike. Lakini deni la Derna si lao peke yao, na Umoja wa Afrika, uliopuuzwa 2011, una haki ya kulidai kwa wale waliotuma ndege.