Mapazia: lipi ufue mwenyewe, lipi umpelekee drai klina

Asanteni, asanteni sana, kaeni tu jamani. Mwenyekiti wenu kaniomba niongee nusu saa kuhusu mapazia na nimewaona kina mama pale nyuma wanaangaliana, mapazia nayo ya kuhutubiwa? Ya kuhutubiwa kabisa. Manake humu ndani nani hajawahi kununua kitambaa Kariakoo, akampelekea fundi, hela ikaenda ya kutosha, afu mwaka haujaisha pazia limekuwa fupi linaelea juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla?

Mi kazi ya udobi nimeifanya miaka 12, minane kati ya hiyo ndani ya drai klina, kwa hiyo haya nayashika kwa mikono.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wanadhani drai klini ni kufua bila kulowesha. Hapana. Nguo inalowa chepechepe, ila hailowi maji, inalowa dawa. Mashine yake inafanana na ya kufulia ya kawaida, dramu inazunguka, dawa inaingia inatoa mafuta na masizi, inakamuliwa, nguo inakaukia humo humo na dawa inarudi kwenye tenki. Dawa iliyoingia miaka ya 1930 ikaja kutawala inaitwa perikloroethilini, mafundi tunafupisha tu tunasema perki. Kabla yake watu walitumia mafuta ya jamii ya petroli na maduka yalikuwa yanaungua moto.

Uzuri wa dawa ni huu. Maji yanaingia ndani ya uzi wa pamba au kitani, uzi unavimba, ukikauka unajikunja, ndo kitambaa kurudi huko. Pamba ikirudi asilimia 3 tu kwenye pazia la mita 2.4 umepoteza sentimita 7, karibu upana wa kiganja. Dawa haiuvimbishi uzi namna hiyo, pazia linatoka na urefu wake.

Ubaya nao upo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeiweka perki kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu. California walipitisha sheria 2007 ya kuiondoa kwenye drai klina mpaka ikifika 2023 iwe imeisha, na Desemba 2024 serikali ya Marekani nayo ikatangaza kuiondoa kwa madobi ndani ya miaka 10. Anayeumia zaidi ni yule kijana anayefungua mlango wa mashine kutwa nzima, na mimi namwombea sana. Ila na wewe ukichukua pazia lako vua ile nailoni, lianike upeponi hata siku nzima ndo ulitundike chumbani kwa mtoto.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Duka moja nililofanya kazi, jina sitalitaja, bango nje limeandikwa drai klina kubwa kabisa, na ndani mashine ya dawa haipo. Tunapokea, tunapeleka nyuma, maji na sabuni ya unga, pasi, nailoni, bei ya drai klini. Siku moja akaja mama na mapazia ya mahameli ya rangi ya zambarau, mazito, ndani yana bitana ya pamba. Tukayafua kwa maji. Bitana ikarudi, mahameli haikurudi kwa kipimo kile, basi mbele kote kukavutwa kukawa mawimbi mawimbi, na yale manyoya yakalala kama nyasi zilizokanyagwa. Mama akayashika, akayageuza, akaambiwa ndo kitambaa chako kilivyo. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Ndo maana leo naongea.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza swali moja: mna mashine ya dawa, au mnafua kwa maji? Akibabaika, chukua mfuko wako uondoke, manake kufua kwa maji hata wewe unaweza.

Na utajuaje pazia lako ni la kufua nyumbani au la kupeleka drai klina? Kama lebo ipo, angalia. Bakuli la maji lenye namba 30, fua kwa maji yasiyozidi nyuzi hizo. Duara ni drai klini, duara lililopigwa msalaba ni marufuku kudrai klini. Ila mapazia yetu ya fundi hayana lebo, ndo nimekuja na nyuzi hizi tatu, naomba kiberiti. Mnaona hii? Inajikunja, inayeyuka, imebaki kishanga cheusi kigumu, hiyo polista. Hii ya pili inawaka kama karatasi na jivu lake laini ukiligusa linapotea, hiyo pamba. Ya tatu, nusa dada, nywele zilizoungua, si ndiyo? Hariri. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo kwa ndani, uuchomee nje juu ya sahani, mbali na pazia lenyewe.

Mapazia mengi ya nyumba zetu ni polista, na polista usiipeleke popote, fua mwenyewe. Kwanza likung'ute nje kweli kweli, vumbi likikutana na maji linakuwa tope. Loweka kwenye maji matupu bila sabuni nusu saa, utashangaa rangi ya maji hayo, wenzangu wa nyumba za barabarani mnanielewa. Afu sabuni ya unga na maji ya baridi, maji ya moto yanailainisha polista na mkunjo ukiingia humo hautoki kirahisi. Usijaze mashine, usikamue kwa kusokota. Wenye maji ya kisima ya chumvi, sabuni ya kipande inaganda na kuacha ukungu wa kijivu, tumieni ya unga na maji ya mwisho ya kusuuza yawe ya mvua au ya bomba. Likiacha kuchuruzika litundike pale pale dirishani bado bichi, uzito wake wenyewe unalinyoosha, pasi ya nini?

Ya kupeleka kwenye dawa ni mahameli, hariri, na chochote chenye bitana ya kitambaa tofauti na cha mbele. Blakauti, yale mapazia ya kuzuia mwanga, yenye mgongo wa mpira usiipeleke, dawa inaweza kuubandua ule mpira, ifute tu kwa kitambaa kibichi.

Mama ameuliza madoa ya kutu ya vile vichuma vya juu. Limao na chumvi, paka, acha kidogo, suuza vizuri, jaribu kwanza pembeni. Na jiki usiikaribishe, haitoi kutu, na ikikutana na limao inatoa hewa ya sumu, tafadhali sana.

Na bibi hapa mbele ameleta pazia lake la miaka mingi, anauliza alipeleke wapi. Lete nilione bibi. Angalieni ninavyofanya, nashika ule upande uliopigwa na jua, vidole gumba viwili, navuta taratibu. Mmesikia? Limechanika kama gazeti. Jua limekula uzi, na hili likiingia kwenye maji au kwenye dawa litatoka vipande, na dobi ndo atalaumiwa. Bibi, upande huu wa chini ambao jua halikuufikia bado ni mzima, nitaukata nikushonee foronya mbili. Hilo naomba uniachie mimi.