Mchoro wa mti: sarafu mfukoni na nauli ya 30

Karibuni tena. Leo tunachora mti wa uwezekano. Chukua daftari uligeuze lilale, maana mti huu hukua kuelekea kulia. Ukianzia katikati ya ukurasa utakosa pa kuandika.

Tupashe mkono moto kwanza. Shika sarafu ya shilingi 10, hii mpya ya 2018 yenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Tunairusha mara 3. Weka nukta kushoto, toa matawi mawili: S na N. Kila ncha itoe mawili tena, kisha mawili tena. Hesabu ncha za mwisho: 8. Zenye simba wawili kamili ni SSN, SNS na NSS. Ncha zote zina nafasi sawa, kwa hiyo uwezekano ni 3/8. Basi.

Sasa kazi yenyewe. Uko kwenye matatu usiku, taa za ndani zimezimwa, konda anataka 30. Mfukoni una sarafu 5: kumi ziko tatu, mbao (yaani za shilingi 20) ziko mbili. Unachomoa moja, halafu nyingine, bila kuangalia. (Najua vidole vyako vinazitofautisha. Leo jifanye umevaa glavu.) Kuna uwezekano gani utoe 30 kamili?

Chora tawi la K, andika 3/5 juu yake. Chora la M, andika 2/5. Zijumlishe: zisipofika 1, kuna tawi umesahau.

Hatua inayofuata ndiyo huwaponza watahiniwa. Weka kidole kwenye ncha ya K ujiulize mfukoni kumebaki nini. Sarafu 4: kumi mbili, mbao mbili. Matawi ni 2/4 na 2/4. Hamia ncha ya M: kumi bado tatu, mbao moja. Hapo ni 3/4 na 1/4. Usikimbilie kufupisha 2/4 iwe 1/2. Asili (namba za chini za sehemu) zikifanana, kujumlisha baadaye ni rahisi.

Sasa fuata kila njia toka nukta hadi mwisho, ukizidisha. KK ni 6/20, KM 6/20, MK 6/20, MM 2/20. Jumla 20/20, mti uko sawa.

Thelathini hutoka kwa KM au MK. Konda hajali ipi ilitangulia, lakini mti unajali, kwa hiyo chukua zote mbili: 12/20, yaani 3/5. Anayeandika KM peke yake amejinyima nusu ya jibu.

Na kama ungerudisha sarafu ya kwanza mfukoni? Asili ingebaki 5, na jibu lingekuwa 12/25.

Zoezi: mvua imenyesha, nauli imepanda hadi 50, unachomoa sarafu 3 bila kurudisha. Ukifika MM utagundua tawi la M halipo, mbao zimeisha. Jibu ni 3/10. Lako likitofautiana, anza kukagua asili za matawi ya tatu.