Nyota ya Kaskazini: Majigambo ya Kaizari na Hesabu za Manahodha

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunaizungumzia Nyota ya Kaskazini, ambayo wanajimu huiita Polaris na mabaharia wa Uarabuni waliiita Jah. Bwana Idi, kila kiongozi anayetaka kusifu msimamo wake huitaja nyota hii kuwa haisogei. Je, ni kweli haisogei?

IDI: Husogea, dada Rehema, ila kwa kiasi ambacho jicho haliking'amui. Mhimili ambao dunia huuzunguka umeelekea karibu kabisa na nyota hiyo, na ndiyo maana nyota nyingine huonekana zikiizunguka usiku kucha, ilhali yenyewe huchora kiduara kidogo, chini ya digrii moja kutoka kwenye ncha ya mbingu, yaani pale hasa mhimili unapoelekea. Wengi hudhani kuwa inang'aa kuliko zote, kumbe zipo zaidi ya 40 zinazoishinda.

REHEMA: Kwa hiyo sifa yake inatokana na mahali ilipo tu. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, Juliasi Kaizari anaombwa amrudishe mtu aliyefukuzwa nchini, naye anakataa akijilinganisha na nyota hii kwa kutotikisika. Muda si muda anachomwa majambia. Naona sitiari hii haijapata kutumiwa kwa ukali kuliko hapo, kwa kuwa uthabiti wenyewe unageuka kiburi mbele ya macho yetu.

IDI: Na majigambo yale yana kasoro nyingine. Kaizari aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, na wakati huo Polaris ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa digrii zipatazo 12, wala hapakuwa na nyota nyingine angavu iliyokaa pale. Mvuto wa jua na mwezi huufanya mhimili wa dunia uyumbe polepole kama pia ya kuchezea inayoishiwa nguvu, na yumbo moja huchukua takriban miaka 26,000. Enzi za piramidi za Misri, nyota ya ncha ilikuwa Thuban. Polaris itaikaribia ncha kuliko wakati wowote mnamo mwaka 2100, kisha itaanza kuiacha.

REHEMA: Manahodha walilijua hilo?

IDI: Walijua kwamba haikukaa nchani barabara. Zama za Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar, bandari ya Uarabuni, ilikuwa umbali wa digrii tatu na ushei, hivyo kila kipimo kilihitaji kuongezwa au kupunguzwa kulingana na mkao wa nyota nyingine. Chombo chao kiliitwa kamal, yaani kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo: nahodha aliuma fundo kwa meno, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na wa juu kwenye nyota, na kwa urefu wa nyota juu ya upeo akajua yuko latitudo gani, yaani digrii ngapi kutoka ikweta. Jahazi lililoondoka Unguja kwa kusi lilianza safari bila kuiona kabisa. Lilipokaribia Muscat, nyota ilikuwa imepanda hadi digrii kama 24.

REHEMA: Wao basi waliitumia kujua walipo, si kuifuata. Watumwa waliotoroka kusini mwa Marekani ndio walioifuata hasa, wakitembea usiku kuelekea majimbo huru na Kanada, na Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa mwenyewe, alilipa jina la nyota hii gazeti aliloanzisha Rochester mwaka 1847. Hapo sitiari na jambo lenyewe havitengani. Ninachokitilia shaka ni hotuba zetu: mbunge aliyesimama Dodoma anaapa kwa nyota ambayo hawezi kuiona.

IDI: Hawezi, hata akipanda mlimani, kwa sababu Dodoma iko digrii 6 kusini mwa ikweta na nyota imezama chini ya upeo. Manahodha wa zamani walipofika huku kwetu waliiacha, wakapima kwa Farqadan, zile nyota mbili jirani zake zilizokuwa bado zinachomoza. Lakini Mkenya wa Lodwar, aliye digrii 3 kaskazini ya ikweta, anaweza kuiona ikigusa ukingo wa mbingu, mradi vumbi la Turkana limetulia na asiwe na kilima mbele yake.